Vitabu vilivyorudi bila ramani: uchambuzi wa kisa cha maktaba ndogo ya Pemba

Kisa hiki kimetokea katika mji mmoja wa Pemba. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Muuzaji na mchapishaji nao nimewaacha bila jina. Vitabu vyenyewe nimevitaja, kwa sababu bila kuvitaja kisa hakimfundishi mtu kitu. Wenyewe wameridhia kiandikwe ili maktaba nyingine ndogo za Unguja na Pemba, ambazo najua zina hamu hiyo hiyo ya vitabu vya zamani, zisile hasara waliyokula wao.

Maktaba na watu wake

Ni chumba cha mbele katika nyumba ya Maalim mmoja mstaafu aliyesomesha historia skuli za sekondari. Nje kuna baraza ya saruji, ndani kuna meza mbili ndefu, makabati ya vioo na kompyuta moja. Asubuhi na usiku chumba ni cha wanafunzi. Baada ya sala ya laasiri baraza ni ya wazee. Anayeitunza ni Bi Mtunzaji (ndivyo nitakavyomwita), aliyewahi kufanya kazi ya masjala serikalini, na mkono wake unaonekana: kila kitabu kina kadi, na kila kadi inaeleza kitabu kimetoka wapi. Iko pia kamati ya watu wachache, wazazi na walimu, inayokusanya michango msimu wa karafuu.

Haja ilianzia kwa Maalim. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita husoma habari za Zanzibar ya Sayyid Said na wanawe, na vitabu vya kiada huwatajia kwamba Burton, msafiri wa Kiingereza, alisema hivi, na Christie, daktari, aliandika vile. Hakuna aliyepata kuwasoma. "Wanatajiwa shahidi," aliiambia kamati, "lakini shahidi mwenyewe hawajamsikia akisema." Hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, Unguja, ina hazina kubwa, ila mtoto wa Pemba lazima apande boti, apate pa kulala, na aombe ruhusa. Nakala za asili za vitabu hivi nyingi ziko Ulaya na Marekani.

Kilichowapa matumaini ni kwamba tangu miaka ya 2000 maktaba kubwa za taifa zimekuwa zikiskani vitabu vyao vya kale. Mfano unaojulikana ni British Library ya London, ambayo kwa kushirikiana na Microsoft iliskani vitabu vipatavyo 65,000, vingi vya karne ya 19: historia, safari, mashairi, hadithi. Desemba 2013 ikaweka mtandaoni zaidi ya picha milioni moja zilizotolewa ndani ya kurasa hizo, kila mtu azitumie apendavyo. Waandishi wa vitabu hivyo wamefariki zamani na haki zao zimekwisha, kwa hiyo vitabu ni miliki ya umma. Hapo ndipo ilipozuka biashara: mchapishaji huchukua faili, hulitia jalada, hulipa jina kwenye duka la mtandaoni, na huchapa nakala moja kila inapoagizwa. Kitabu hakikai ghalani. Mara nyingi hakuna aliyekifungua kabla ya kukifunga kwenye bahasha.

Vitabu vilivyotakiwa

Kamati iliagiza vitano, na uchaguzi wao ulikuwa mzuri.

Cha kwanza ni cha Richard Burton juu ya mji, kisiwa na pwani ya Zanzibar, juzuu mbili, London, 1872. Burton alifika mwishoni mwa 1856, kwa hiyo anachokieleza ni Zanzibar ya kabla ya kimbunga cha Aprili 1872, kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Kwa Mpemba huo si ukurasa wa kupita haraka, maana ukubwa wa Pemba katika karafuu ulikuja baada ya hapo.

Cha pili ni ngano za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, zikachapwa 1870. Cha tatu ni kitabu cha James Christie, daktari aliyeishi Unguja, juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, 1876. Cha nne ni kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na imejaa maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Cha mwisho ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa huyo Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja 1866. Alizichapa kwa Kijerumani 1886 kwa jina la Emily Ruete, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1888.

Kaka yake mkubwa Maalim, anayeishi Muscat, alijitolea kulipa. Alivitafuta mtandaoni kwa majina, akavikuta vyote kwa muuzaji mmoja, akaagiza. Vilikuja kwa mikono ya jamaa aliyekuwa akirudi nyumbani, vikapita Unguja, vikavuka kwa boti hadi Pemba.

Boksi linafunguliwa

Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Majalada yanang'aa, karatasi nyeupe, jina la Zanzibar kwa herufi kubwa. Kasoro zilijitokeza pole pole, kila kitabu na yake.

Burton alikuja juzuu mbili, lakini zote mbili ni juzuu ya kwanza. Jalada la kila kimoja liliandikwa jina la kitabu tu, bila namba ya juzuu, na dukani vilikuwa vimewekwa kama vitabu viwili mbalimbali.

Kamusi ya Krapf ilikuwa imefinywa. Kitabu cha asili ni kipana, kina safu mbili za herufi ndogo kila ukurasa. Mchapishaji alikilazimisha kuingia katika umbo la vitabu vyake vyote, na safu ya ndani ikazama kwenye mshono. Ukitaka kusoma mwisho wa mstari lazima ukipasue kitabu mgongo.

Christie ndiye aliyeniuma mimi. Kitabu chake kina hoja moja kubwa: kwamba ugonjwa una njia, na njia yake ni njia ya watu na biashara. Mlipuko uliofika Unguja mwishoni mwa 1869 anaufuata kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha baharini. Mwandishi aliweka ramani ili msomaji aifuate njia hiyo kwa kidole. Katika nakala iliyokuja Pemba, mahali pa ramani pana picha ya karatasi iliyokunjwa, mgongo wake mweupe, na mistari hafifu ya rangi inayoonekana kwa nyuma. Ramani haikukunjuliwa ilipokuwa inapigwa picha. Mwanafunzi mmoja aliigeuza geuza, akaimulika kwa simu, akidhani labda upande wa pili utaonekana.

Ngano ndizo zilizofichua tatizo kuliko zote. Kitabu cha 1870 kilipangwa kwa akili: Kiswahili ukurasa wa kushoto, Kiingereza chake ukurasa wa kulia, mstari kwa mstari. Binti mmoja wa kidato cha tano alikuja nacho barazani.

"Maalim, mbona kurasa zimepeana mgongo?"

"Zimepeana mgongo vipi, mwanangu?"

"Kiswahili kiko mbele ya karatasi, Kiingereza chake kiko nyuma. Ukisoma huku, kule hukuoni."

Na kweli. Kwenye kitabu cha asili mwanzoni pana ukurasa mtupu. Aliyetengeneza faili la kuchapa aliuondoa, labda kwa kuona hauna kitu. Ukurasa mmoja ukitoka, wa kushoto wote huwa wa kulia, na kitabu kizima kinapoteza kazi yake. Maandishi yote yamo, na bado kitabu kimeharibika.

Kwa bahati muuzaji alikuwa na toleo jingine la ngano hizo hizo, la bei nafuu, na kaka mtu aliagiza vyote viwili ili wanafunzi wawe na nakala mbili. Hili la pili halikuwa picha za kurasa. Kompyuta ilizisoma herufi na kuziandika upya, nayo ilikuwa imefundishwa kutegemea Kiingereza. Herufi m imekuwa r na n: kima amekuwa "kirna". Neno "yake" limegeuzwa "yoke", kwa sababu hilo linapatikana katika Kiingereza. Upande wa Kiingereza ulisomeka vizuri. Upande wa Kiswahili, ambao ndio sababu ya kitabu kununuliwa, ulikuwa hausomeki kwa mistari mizima. Mtu wa London asingeona kasoro yoyote kubwa.

Kumbukumbu za Bibi Salme zilikuja salama, kamili, maandishi safi.

Haya

Hapa kisa kinachukua mkondo ambao haumo katika mwongozo wowote wa ununuzi. Muuzaji alikuwa na muda maalumu wa kupokea kitabu chenye kasoro na kurudisha fedha. Kamati ilijua ndani ya muda huo kwamba vitabu vinne kati ya vitano vina matatizo. Haikusema. Maalim aliandika barua ya shukrani kwa kaka yake, nzuri, ya adabu, yenye dua, na hakugusa kasoro hata moja. Bi Mtunzaji alitaka iandikwe barua ya pili. Wajumbe waliona haya, wakasema ni kumvunjia heshima mtu mzima aliyetoa mali yake bila kuombwa. Muda ukapita.

Nilipoitwa, swali langu la kwanza lilikuwa kama mfadhili anajua. Walinyamaza. Nikashauri apigiwe simu siku hiyo hiyo, apigiwe na Maalim mwenyewe, na aambiwe kitabu kwa kitabu. Simu iliwekwa sauti ya wazi. Jibu la mzee lilikuwa fupi: "Mbona mmenificha? Mimi nimenunua kwa jina tu. Nyie ndio mliofungua kitabu." Kisha akaandika mwenyewe kwa muuzaji. Fedha za juzuu iliyojirudia zilirejeshwa, kwa kuwa kosa lilikuwa la wazi. Nyingine zilikataliwa, na muuzaji alionyesha sentensi ndogo kwenye ukurasa wa duka: kwamba kitabu ni cha kale na huenda kurasa, picha au ramani zikakosekana.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusitisha uazimaji na kukagua kila ukurasa. Ilionekana kazi ya kuchosha. Bi Mtunzaji aliigeuza kuwa zamu: wanafunzi wawili wawili, mmoja anataja namba ya ukurasa na neno la mwisho, mwenzake anatia alama katika daftari lenye safu nne: namba, umo, unasomeka, maelezo. Sababu yake ni kwamba malalamiko ya jumla hayafai kitu. "Kitabu kibovu" hakirekebishiki, lakini "ukurasa fulani umepigwa mara mbili na unaofuata haumo" kunarekebishika. Daftari hilo lilibainisha jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa kusoma: katika ngano, kurasa mbili za katikati zilijirudia na mbili zilikosekana, na pengo hilo lilianguka katikati ya hadithi ambayo wanafunzi walidhani tu haieleweki.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kununua na kwenda kwenye chanzo. Vitabu hivi ni miliki ya umma, na faili zake hupatikana bure kwenye tovuti za maktaba zenyewe na kwenye hazina za mtandaoni kama Internet Archive. Kijana wa kompyuta wa maktaba alizitafuta. Jambo la kukumbuka ni kwamba kitabu kimoja cha zamani huwa kimeskaniwa zaidi ya mara moja, kutoka nakala mbalimbali za maktaba mbalimbali. Nakala moja ina ukurasa uliochanika, nyingine haina. Kwa kutumia daftari waliweza kulinganisha, na toleo jingine la ngano likapatikana likiwa kamili, pamoja na ule ukurasa wake mtupu wa mwanzoni.

Wa tatu ni kuchapa wenyewe. Walipeleka faili kwenye duka la steshenari linalochapa mitihani ya skuli, wakaomba karatasi zisigundishwe. Zilikunjwa kwa mafungu, zikapelekwa kwa fundi wa mjini anayejalidi misahafu na vitabu vya maulidi, akazishona kwa uzi. Hapa Maalim na mimi hatukuafikiana mwanzoni. Niliona kushona ni gharama isiyo lazima. Yeye alinionyesha kitabu kimoja cha kisasa kilichopitiwa na masika mbili kabatini, gundi imelainika, kurasa zinatoka kama majani ya chai. Vitabu vilivyoagizwa vyote vilikuwa vya gundi. Sikuwa na la kujibu.

Uamuzi wa nne ulikuwa mgumu kuliko yote, na hauhusu skani. Burton ameandika juu ya watu wa Zanzibar, Waswahili, Waarabu, watumwa, wanawake, kwa maneno ya dharau yasiyoficha kitu. Mjumbe mmoja mzee aliuliza katika kikao: "Kitabu kinachowatukana babu zetu, tukiweke rafuni kwa fedha zetu?" Walipendekeza baadhi yao kurasa hizo zisichapwe, kwa kuwa sasa wanachapa wenyewe na hakuna wa kuwazuia. Maalim alikataa. Hoja yake: kijana wa Pemba akienda chuo kikuu atayakuta maneno hayo, na atayakuta peke yake, mbele ya watu ambao huenda wameyaamini. Afadhali ayasome hapa, akiwa na wa kumuuliza. Na kwamba mtu akianza kuondoa kurasa kwa nia njema, hana tena haki ya kumlaumu aliyeziacha kwa uvivu. Kamati ilikubali, kwa masharti mawili: kitabu kisiazimwe na watoto wa msingi, na mwanzoni utiwe ukurasa wa kamati, kwa Kiswahili, wa kueleza Burton alikuwa nani, alikaa muda gani, aliwasikiliza akina nani, na kwa nini maneno yake juu ya bei, bandari na mashamba yana faida kuliko hukumu zake juu ya tabia za watu.

Wa tano ni wa Bi Mtunzaji peke yake. Alipokuwa anaandika kadi ya ngano alisimama kwenye mstari wa "mwandishi". Nakala iliyoagizwa ilikuwa na jina la Steere tu juu ya jalada. Lakini Steere mwenyewe, katika jina kamili la kitabu, alieleza kuwa ni ngano kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Mchapishaji wa leo amelikata jina ili litoshe. Bi Mtunzaji akaandika: "Wasimulizi: watu wa Zanzibar. Mkusanyaji na mfasiri: Edward Steere." Hakuitisha kikao. Nafikiri ni uamuzi bora kabisa uliofanywa katika kisa hiki.

Matokeo

Ngano zimeshonwa nakala tatu, kurasa zinatazamana, na husomwa barazani baada ya laasiri. Hadithi ya kima na papa, inayoanza na mkuyu ambao matawi yake nusu yako juu ya bahari, ilisomwa na binti yule yule aliyegundua kasoro. Alipofika pale kima anapodai kwamba moyo wake ameuacha mtini, bibi mmoja aliyekuwa anapita na kapu lake alisimama, akaimalizia bila kitabu. Kwake yeye mti ulikuwa mwembe, na papa alikuwa na maneno mengi zaidi. Vijana walitaka kumsahihisha kwa kitabu. Maalim akawanyamazisha, akamwomba bibi aianze upya toka mwanzo, na simulizi yake ikaandikwa katika daftari tofauti, kwa ridhaa yake, jina lake likiwa juu.

Burton sasa ana juzuu zote mbili. Kamusi ya Krapf haikuchapwa: kwa ukubwa wake halisi gharama ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo iko kwenye kompyuta, ambako herufi hukuzwa mtu akapata kusoma. Umeme ukikatika, kamusi haipo. Christie amechapwa upya, lakini katika faili zote walizozipata ramani imekunjwa vile vile. Kadi yake inasema wazi: "Maandishi kamili. Ramani hazimo." Barua ya kuomba picha ya ramani imetumwa kwa maktaba yenye nakala ya asili, na jibu linasubiriwa.

Uchambuzi

Chanzo cha hasara ilikuwa kuamini kwamba jina la kitabu ndilo kitabu. Jina moja linaweza kusimama juu ya picha kamili, picha yenye mapengo, maandishi yaliyochakazwa na kompyuta, au nusu ya kazi ya juzuu mbili. Kwa anayeagiza, mambo ya kuuliza kabla ya kulipa ni machache. Je, ni picha za kurasa au maandishi yaliyochapwa upya? Ikiwa kitabu kina Kiswahili au Kiarabu ndani yake, maandishi yaliyosomwa na kompyuta bila kukaguliwa yaepukwe moja kwa moja. Idadi ya kurasa inalingana na ile iliyoandikwa katika katalogi ya maktaba? Ni juzuu ya ngapi? Ukubwa wa kitabu cha asili ni upi? Na ile sentensi ndogo ya kwamba huenda ramani zikakosekana isomwe kama taarifa, maana mara nyingi ina maana zimekosekana. Juu ya yote, faili lenyewe liangaliwe kwanza bure. Kama kaka mtu angeoneshwa namna ya kulifungua, saa moja ya kuliperuza ingetosha kuokoa karibu fedha zote.

Haya ya kumwambia mfadhili ilichangia hasara karibu sawa na uzembe wa mchapishaji. Silaumu adabu yetu, na sitaki maktaba ya Pemba ijifunze kuzungumza na wafadhili wake kama karani wa forodha. Lakini heshima kwa aliyetoa ni pamoja na kumweleza mali yake imefikia wapi. Kamati sasa imeweka utaratibu kwamba barua ya shukrani huandikwa baada ya ukaguzi, na matokeo ya ukaguzi huwa ndani yake. Shukrani haipungui kwa hilo.

Daftari la safu nne lilifaa kuliko kifaa chochote, na lilifaa kwa sababu lilikuwa mikononi mwa wanafunzi. Waliokikagua kitabu cha Burton ukurasa kwa ukurasa ndio waliokuja kukisoma baadaye. Udhaifu wake ni kwamba linamtegemea Bi Mtunzaji. Alipougua wiki chache kazi ilisimama, na hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Bado hajapatikana wa kumsaidia.

Ukurasa wa maelezo mbele ya Burton haukufanya kazi kama ulivyokusudiwa. Wanafunzi hawaanzi kitabu mwanzoni. Hupewa na mwalimu namba ya ukurasa, hufungua hapo, na maneno makali huwakuta bila kinga yoyote. Walipoligundua hilo waliweka vipande vya karatasi kwenye kurasa zenyewe, kila kimoja na mistari miwili mitatu. Hilo limesaidia. Mwanafunzi mmoja ameandika jibu lake kwa Burton, kurasa nne kwa Kiswahili, na limewekwa kabatini kando ya kitabu.

Kuna jambo moja ambalo kamati haikuliona, na nililieleza katika kikao cha mwisho. Burton alitiwa maelezo kwa sababu anaumiza. Bibi Salme hakutiwa kwa sababu anapendeza: ni wa kwetu, anaieleza Mtoni na Bububu kwa mapenzi, na nakala yake ilikuja safi. Lakini katika sura yake juu ya utumwa anawatetea wenye watumwa na kuwalaumu Wazungu kwa kutouelewa, na anaandika kama binti wa jumba la kifalme, ambaye aliwaona watumwa kutoka juu. Vizazi vya watumwa waliokuwa mashambani Pemba navyo vimo miongoni mwa wasomaji wa chumba kile. Wao pia wanastahili kipande cha karatasi kwenye ukurasa huo. Palikuwa na ukimya mrefu, kisha yule mjumbe mzee aliyempinga Burton akaniunga mkono. Maelezo ya Bibi Salme yanaandikwa na wanafunzi wa kidato cha sita, na Maalim atayapitia kabla ya kubandikwa.